Mwenye Kazi na Mtihani wa Kuingia Chuo cha Biashara

Tumeletewa suali moja na watu watatu, nasi tumeona bora kulijibu hapa kwa urefu kuliko kumjibu kila mmoja peke yake. Wa kwanza ni kijana wa Lodwar anayeshika madaftari ya ghala la bidhaa. Wa pili ni karani katika afisi moja ya misaada huko Kakuma. Wa tatu ni dada yetu, mwalimu wa skuli, naye pia yuko Kakuma, na ana watoto wawili wadogo. Wote watatu wamekwisha pata shahada ya kwanza, na wote wataka kuomba nafasi katika vyuo vya biashara ambavyo humtaka mwombaji afanye kwanza mtihani uitwao GMAT. Wauliza: tutasoma lini, na hali mchana kutwa ni wa mwajiri, na usiku mwili umekwisha choka?

Suali hili si dogo. Ada ya mtihani huu hulipwa kwa dola, na kwa mshahara wa karani hizo ni fedha ambazo zingeliweza kumlipia karo ndugu yake mdogo. Mwenye kuuendea bila ya kujitayarisha amezitoa fedha hizo katika mfuko wa nyumba nzima, wala si katika mfuko wake peke yake.

Wako wazee wetu watakaosema: kazi anayo, mshahara anao, ataka nini tena? Twawaomba walitazame soko la Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992, na watu wakadhani ni mahema ya miezi michache. Mwaka 2018 shirika la IFC, lililo katika jumuiya ya Benki ya Dunia, lilitoa uchunguzi wake, likakadiria kuwa biashara ya mahali pale yapata kiasi cha shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na kuwa biashara zilizomo zazidi 2,000. Soko la kadiri hiyo haliendeshwi kwa kukumbuka madeni kichwani. Na Lodwar, tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, imekuwa ni mji wa zabuni, wa mikataba na wa hesabu za mamilioni. Ikiwa hapana katika vijana wetu wa kuzisoma hesabu hizo, watakuja wengine wazisome, nasi tutabaki kushusha magunia.

Haya, tuingie katika somo lenyewe.

GMAT si mtihani mpya. Ulianza Marekani mwaka 1954, na jina hili ulipewa mwaka 1976. Umegeuzwa mara nyingi, na mageuzi makubwa ya karibuni yalikuja mwishoni mwa mwaka 2023. Twalitaja hili kwa sababu ya vitabu vikuukuu vinavyouzwa kwa bei rahisi na kupitishwa mkono kwa mkono. Vitabu hivyo vina insha, vina masuali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, vina milango mizima ya pembe na duara. Na yote hayo yameondolewa. Mtu mwenye saa chache akizitumia wiki tatu katika duara na pembe, amelima shamba la mtu. Basi mwenye kununua kitabu aangalie kwanza mwaka wa kupigwa chapa.

Mtihani kama ulivyo sasa una sehemu tatu, kila moja ya dakika 45. Jumla yake ni saa 2 na robo. Sehemu ya hisabu ina masuali 21. Sehemu ya kusoma na kupima hoja ina masuali 23. Sehemu ya takwimu, yaani kuzisoma jedwali na michoro na kuamua kwazo, ina masuali 20. Alama huanzia 205 hata 805. Mtahiniwa huchagua mwenyewe aanze na sehemu ipi, na katika kila sehemu aruhusiwa kurudi nyuma na kubadili majawabu 3, wala si zaidi. Ukigawanya dakika kwa masuali utaona kuwa kila suali lina kama dakika 2 tu. Hapo ndipo penye ugumu. Hisabu nyingi za mle hazipiti zile za skuli ya sekondari; kilicho kigumu ni kuzifanya kwa dakika 2, suali baada ya suali, bila ya akili kutangatanga.

Sasa, saa za kusoma zitoke wapi? Kabla ya kununua kitabu, na kabla ya kuchagua tarehe, mtu na achukue karatasi, aandike kwa muda wa wiki mbili kila saa ya siku yake ilivyokwenda. Asiandike anavyopenda iwe, aandike ilivyokuwa. Mwenye duka hajui faida yake mpaka aihesabu mali iliyomo, pamoja na ile iliyoliwa na panya. Wengi wetu twadhani kuwa tuna saa 4 kila usiku. Tukizihesabu twaona 2 zimekwenda barazani, 1 imekwenda katika simu, na iliyobaki ni ya mtu anayesinzia.

Lodwar na Kakuma ni nchi za joto, na kila mwenye kukaa huko ajua kuwa saa 8 ya mchana nyumba ya mabati haikaliki, sembuse kufanyiwa hisabu. Usiku nao maduka hukawia kufungwa, kwa kuwa watu hungoja jua lipoe ndipo watoke kununua. Basi saa iliyo bora ni ya alfajiri. Mtu akisha sali asirudi kitandani. Tangu saa 11 na dakika 45 hata saa 1 ya asubuhi pana saa 1 na robo: hewa ni tulivu, simu hailii, mteja hajaja. Siku 5 za namna hiyo ni saa 6 na robo. Akiongeza saa 3 katika siku yake ya mapumziko, jumla ni saa 9 na robo kwa wiki. Na usingizi alioukata asubuhi aulipe usiku kwa kulala mapema, la sivyo deni hilo litadaiwa katika wiki ya tatu, naye ataacha yote.

Tuseme kijana wa Lodwar amejipima akaona ahitaji saa 120. Twatoa mfano tu; wako watakaohitaji chini ya hizo, na wako watakaohitaji zaidi sana, kwa kadiri ya Kiingereza chao na hisabu yao. Saa 120 ukizigawa kwa 9 na robo, wapata wiki 13. Wengi hukomea hapo, wakalipia mtihani wa wiki ya 13, na khasara huanzia hapo. Kwani katika wiki hizo 13 imo wiki ya kuhesabu mali ghalani. Imo wiki ambayo mto umejaa, malori yamekwama njiani, kisha yakaingia yote usiku mmoja. Imo wiki ya homa, na imo wiki ya msiba. Sisi twashauri kuwa katika kila wiki 4 mtu ahesabu 3 tu kuwa ni zake. Kwa hisabu hiyo wiki 13 huwa 17 na kitu, naye aandike 18. Mwezi wa Ramadhani, ukiangukia humo, auhesabu kwa nusu, maana alfajiri yake si alfajiri ya siku nyingine.

Hapo ndipo achague tarehe. Twaona wengi wakienda kinyume: huitazama tarehe ya mwisho ya chuo, wakarudi nyuma wakiminya saa ziingie. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani hupokea maombi kwa awamu, ya kwanza ikifungwa karibu na Septemba na ya pili Januari. Basi kila mwaka ifikapo Novemba watu hukesha. Walakini alama za mtihani huu hukaa miaka 5 bila ya kuharibika! Mwenye kazi hana haja ya kuufanya mtihani katika mwaka ule ule wa kuomba nafasi. Na autafute msimu ambao kazi yake ni nyepesi, aufanye, aweke alama zake sandukuni, na maombi yafuate mwaka ujao kwa utulivu. Na akishindwa mara ya kwanza, aruhusiwa kurudia baada ya siku 16, ila asizidi mara 5 katika miezi 12. Ruhusa hiyo ni ya mwenye fedha. Sisi twamshauri ajipange kana kwamba ni mara moja tu.

Ama dada yetu mwalimu, haya ya alfajiri hayamfai, na hatutaki kumdanganya. Alfajiri yake ni ya chai, na kuwaosha watoto na kuwavisha. Kumwambia aamke saa 9 ya usiku ni kumtaka augue. Saa yake itatoka katika mojawapo ya njia mbili: ama abaki skuli saa moja baada ya watoto kutoka, darasani mtupu, kabla hajatia mguu nyumbani, ama mumewe aishike kazi ya asubuhi siku tatu katika wiki. Tumewasikia wanaume wakijisifu, "Nimemruhusu mke wangu asome." Vyema, lakini ruhusa haichemshi maji. Mwenye kuruhusu na amenye viazi pia. Na hata hivyo huenda saa zake zikawa 5 na nusu tu kwa wiki; kwa hisabu ile ile tuliyoifanya juu, zamchukua wiki 29 au 30. Si aibu. Bora wiki 30 zilizo za kweli kuliko 13 za karatasini.

Jambo moja lingine katika mlango huu wa saa. Haifai kusoma katika saa za mwajiri, kitabu kikiwa chini ya meza na wateja wamesimama. Saa zile zimekwisha uzwa. Aombe mapema likizo ya siku za safari na mtihani, kwa maandishi, na asingoje wiki ya mwisho.

Katika hisabu, mtu wa duka ana mtaji mkubwa asioujua. Ajua faida na khasara, ajua sehemu na mia, ajua kugawa mzigo kwa wabia. Kinachomponza ni mashine ya kupigia hesabu, ambayo katika sehemu hii ya mtihani hairuhusiwi. Kwa hiyo tangu leo, kila mteja akileta vitu vyake, na ajumlishe kichwani kwanza kisha ndipo abonyeze mashine kuhakikisha. Na ajihadhari na masuali yanayofanana na yale ayajuayo. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kiasi cha kilomita 120. Gari imekwenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ikarudi kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni ngapi? Mwenye haraka atasema 50. Lakini kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Mtungaji wa mtihani ameiweka 50 makusudi katika majawabu, akamngojea huyo mwenye haraka.

Sehemu ya kupima hoja ndiyo tunayotaka kukaa nayo zaidi, kwa sababu vijana wetu huiogopa kuliko zote, na hali waliopita darasani mwa ilimu ya mantiki wamekwisha onja jambo lake. Waliosoma Sullam ya al-Akhdari wajua kuwa kila hoja ina mukadima na ina natija, na kwamba mara nyingi mukadima mmoja hausemwi, huachwa umefichika. Mtihani huu hapa hautafuti ila huo uliofichika.

Tazameni mfano. Mwenye duka mmoja wa Kakuma alipunguza bei ya unga mwanzo wa mwezi. Mwezi huo aliuza unga mara mbili ya mwezi uliotangulia. Basi, asema, kupunguza bei ndiko kulikoongeza mauzo. Suali: ni lipi katika haya linaloidhoofisha zaidi hoja yake? Ya kwanza, kuwa unga wake ni mzuri kuliko wa jirani. Ya pili, kuwa wateja wengine hawakujua kuwa bei imeshuka. Ya tatu, kuwa fedha za chakula za mwezi uliotangulia zilichelewa, wakimbizi wakalipwa za miezi miwili kwa pamoja.

Mukadima uliofichika ni huu: kuwa hapakuwa na sababu nyingine iliyozidisha mauzo mwezi ule. Ukisha utoa hadharani, jawabu laonekana. Uzuri wa unga ulikuwako miezi yote miwili, basi hauelezi tofauti. Kutojua kwa wateja wengine kwapunguza nguvu ya hoja kidogo, kwani huenda waliojua walitosha. La tatu laivunja, maana lataja sababu nyingine iliyoingia mwezi ule ule. Mfanya biashara wa Kakuma hahitaji kufundishwa hili. Mwaka 2015 WFP ilipoanza kutoa sehemu ya chakula kwa njia ya simu, kwa mpango wa Bamba Chakula, kila mwenye duka aliyekuwamo aliona jinsi soko linavyofurika fedha zikiingia na linavyokauka zikichelewa. Kinachohitajiwa ni kuileta akili ile ya dukani mbele ya maandishi ya Kiingereza, na hapo ndipo penye kazi, kwani wengi wetu nyumbani twasema Kiturukana, au Kisomali, au Kiswahili. Dawa yake ni kusoma kila siku kwa dakika 20 makala moja nzito ya biashara katika gazeti la Kiingereza, na kwa kila fungu kujiuliza: fungu hili limeandikwa kwa nini? Lathibitisha, lapinga, au latoa mfano? Kuandika orodha ndefu za maneno magumu na kuzihifadhi hakuna faida kubwa katika mtihani huu.

Katika sehemu ya takwimu yamo masuali ya ajabu kidogo, ambayo hayakutaki utoe jawabu bali yakutaka useme kama khabari ulizopewa zatosha kulipata. Mwenye kusoma na ajifananishe na kadhi: kabla ya kuhukumu hutazama kama ushahidi umetimia. Mathalan: gunia la sukari lilinunuliwa kwa bei gani? Khabari ya kwanza: liliuzwa kwa faida ya 15 kwa mia. Khabari ya pili: liliuzwa kwa shilingi 8,050. Ya kwanza peke yake haitoshi, ya pili peke yake haitoshi, zote mbili zatosha. Anayekwenda kupiga hesabu mpaka akapata shilingi 7,000 hakukosea, ila amepoteza nusu dakika ambayo hakuombwa.

Kila mwenye kusoma na awe na daftari ya makosa. Aandike suali alilokosa, sababu yake, na siku atakayolirudia. Sababu ni tatu tu kwa kawaida: hakujua, hakusoma vizuri, au alikimbizwa na wakati, na kila moja ina dawa yake. Tumeona wasomaji waliofanya masuali mengi mno wakibaki pale pale, kwa kuwa hawakurudi hata mara moja kutazama walipoanguka.

Watungaji wa mtihani wenyewe hutoa mitihani miwili kamili ya kujipimia bila ya malipo. Mmoja na afanye wiki ya kwanza, ajue alipo, hata kama alama zitamhuzunisha. Wa pili auweke mpaka zimebaki wiki tatu, aufanye saa ile ile ya mtihani wenyewe, saa 2 na robo mfululizo, simu imezimwa. Wenye kuifanya yote miwili mwezi wa kwanza kwa hamu hujikuta mwishoni hawana mizani.

Mtihani waweza kufanywa nyumbani kwa intaneti, msimamizi akikutazama kwa kamera kutoka mbali, au katika kituo. Kwa nyumbani lazima uwe peke yako chumbani, na umeme na mtandao usikatike. Mwenye chumba cha namna hiyo Lodwar au Kakuma na ashukuru. Sisi twaona kwa wengi ni salama zaidi kwenda kituoni Nairobi, na gharama ya safari ihesabiwe tangu mwanzo pamoja na ada. Apitaye kwa basi njia ya Kitale afike siku mbili kabla, kwani anayeshuka garini alfajiri na kuingia mtihanini asubuhi ameuza miezi minne kwa usiku mmoja.

Aliye mkimbizi Kakuma ana kazi mbili zaidi, na zote zitangulie kulipa ada. Moja ni kibali cha safari, ambacho hana njia ya kutoka kambini kihalali bila yake. Akiombe wiki nyingi kabla, na atie barua inayoonyesha sababu. Ya pili, aulize kwa maandishi ni hati gani ya utambulisho itakayokubaliwa mlangoni. Na hili la pili lawahusu wote, wakimbizi na raia: jina lililoandikwa wakati wa kujiandikisha lazima liwe sawasawa na lililo katika hati, herufi kwa herufi. Majina yetu yana maradhi haya. Mtu ni Muhammad katika cheti cha kuzaliwa, Mohamed katika shahada, na Mohammed katika pasi. Na ayatazame leo, kwa sababu kulirekebisha jina afisini huenda kukachukua muda mrefu kuliko kusoma hisabu.

Katika toleo lijalo, inshallah, tutatoa masuali kumi ya sehemu na mia pamoja na majawabu yake.